Kaka anataka kaburi la mzee liwekwe vigae, mimi sitaki. Wenye elimu ya makaburi karibuni

MtuWaChumbageni
Asalaam aleykum wanajamvi, poleni na majukumu. Naleta jambo la kifamilia ila naona linawagusa wengi, na pia nimechoka kubishana kwenye grupu la wasap la ukoo, saa hizi limegeuka uwanja wa vita.

Mzee wetu ametangulia mbele ya haki mwezi uliopita, tumemzika hapa Tanga makaburi ya waislamu wote, sio ya ukoo. Kaka yangu mkubwa yupo Maskati hakuwahi mazishi na imemuuma sana, mimi namuelewa kabisa. Sasa katuma hela, anataka kaburi lijengewe, sementi chini, vigae vyeupe kuzunguka, alafu kichwani marumaru yenye jina la mzee na aya ya kullu nafsin dhaaiqatul maut. Anasema tusipofanya hivyo tutakuwa tumemtupa mzee. Mimi nilishasikia msikitini haifai, lakini ustadhi wa mtaani kwetu kasema ni makruhu tu, yaani halipendezi, sio haramu, shangazi nae anauliza mbona fulani na fulani wamejengewa na walikuwa watu wa dini.

Juu ya hapo mama yuko eda na anataka apelekwe kaburini kabla ya arobaini, na dada zangu wameambiwa mwanamke akizuru kaburi analaaniwa. Nikiuliza kasema nani naambiwa "hadithi ipo". Naomba mwenye kujua atueleweshe, na tafadhali tusitukanane, tuna msiba.

jogoo_la_shamba
Pole sana mkuu, inna lillahi wa inna ilayhi raajiun. Allah amrehemu mzee. Nakaa hapa kusubiri wajuzi.

Bin Kombo
Kaka yako yuko Maskati na anataka vigae?? Hebu mwambie ijumaa moja apite makaburi ya huko huko. Mimi nimekaa Oman, makaburi yao ni udongo na mawe matupu yamesimamishwa, tajiri na fukara hutofautishi, na wale watu sio kwamba hawana hela.

MtuWaChumbageni
Hahaha Bin Kombo hii naipeleka kwenye grupu sasa hivi.

Maalim Mkwakwani
Wa aleykum salaam, poleni na msiba. Ndugu yangu swali lako la vigae nalianza maana ndilo lenye haraka, fundi asije akaingia kazini kabla hatujamaliza kuongea.

Msingi wa jambo lote ni hadithi ya Jabir iliyopo kwenye kitabu cha hadithi cha Imam Muslim, kwamba Mtume SAW amekataza kaburi kupakwa chokaa, kukaliwa, na kujengewa. Kwa Tirmidhi, nacho kitabu cha hadithi, kuna ziada, na kuandikwa juu yake. Ipo pia ya Abul Hayyaj, huyu sayyidna Ali alimwambia nakutuma kwa lile alonituma Mtume, usiache sanamu ila umelifuta wala kaburi lililoinuliwa ila umelisawazisha. Hiyo nayo kwa Muslim.

Sasa ustadhi wenu aliposema makruhu hakudanganya, sisi pwani ni mashafii, tunafuata madhehebu ya Imam Shafii, na Imam Nawawi wa madhehebu hayo kwenye kitabu chake Minhaji kaandika hivyo hivyo, kupaka chokaa na kujenga na kuandika ni makruhu. Tatizo ustadhi kasimamia hapo, sentensi inaendelea! Nawawi anasema palepale kwamba ikijengwa kwenye makaburi ya umma basi jengo libomolewe. Mashekhe walioisherehesha wakaeleza kuwa ile makruhu ni kwa mtu aliyezika kwenye ardhi yake mwenyewe, ama ardhi ambayo watu wa mji wote wamezoea kuzika humo basi kujenga ni haramu, kwa sababu unawabania wengine. Sementi inabaki hata baada ya maiti kuoza, kwa hiyo umechukua nafasi ya mtu ambaye pengine hajazaliwa bado. Nyinyi mmemzika mzee wapi? Umeandika mwenyewe, makaburi ya waislamu wote. Basi jibu lako ndo hilo, wala sio suala la mapenzi kwa mzee wala uwezo wa kaka, ardhi sio yenu.

Walichokitoa nje ya katazo ni dharura, kama pana hofu kaburi litafukuliwa na mnyama au mwizi au litabebwa na maji ya mafuriko. Hapo wameruhusu kuimarisha kwa kiasi cha haja. Kaka yako hakutaja mafuriko.

FundiKaburi_Tmk
Maalim umemaliza. Mimi ni mchimbaji Temeke huku Dar, hii kazi naifanya kwa kujitolea na wenzangu wa msikitini, nataka kuwapa upande wa jembe maana wengi mnakuja na kanzu safi mnamwaga udongo mikono mitatu mnaondoka.

Makaburi yamejaa wakuu. Siku hizi ukiambiwa chimba pale unachimba unakutana na mfupa, unaufukia kwa adabu unasogea pembeni, huko nako unakuta zege. Mtu mmoja kazikwa lakini kazungushia ukuta eneo la watu watatu, kaweka na kibaraza cha kukalia, eti familia wakija wapumzike. Maiti yupo kwenye jeneza anasubiri, jua linazama, sisi tunatafuta nafasi kama watu wanaotafuta pakingi Kariakoo. Kungekuwa na udongo mtupu kote, baada ya miaka ardhi ingerudi kutumika kama walivyofanya wazee wetu.

Alafu huu mchanga wetu, ukijenga kizito juu kaburi linatitia. Nimeona vigae vimepasuka na upande mmoja umezama kabla mwaka haujaisha, fundi kashakula hela.

Maalim Mkwakwani
FundiKaburi Allah akulipe kwa hiyo khidma. Hilo la kuzika tena palepale watu wanaliogopa lakini kwenye fiqhi lipo wazi, haifai kulifukua kaburi maadam maiti hajaoza, akishaoza akawa udongo basi inafaa kuzika mwingine, na wa kuulizwa muda ni watu wanaoijua ardhi ya pale, maana udongo wa Lushoto na mchanga wa Temeke havifanani. Na mfupa ukikutwa unastahiwa. Mtume SAW kasema kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja akiwa hai, iko kwa Abu Daud.

sharifu_wa_mtaa_wa_pili
Naomba nami nichangie japo najua nitapigwa mawe. Mnakataza kujengea makaburi, je kaburi la Mtume SAW lina kuba la kijani au halina? Wanavyuoni wote wa dunia wamepita Madina wakaliona wakanyamaza? Na huku kwetu pwani wazee waliotuletea dini wamejengewa, nenda Kunduchi, nenda Kaole, nenda Malindi na Mambrui uone makaburi ya nguzo, mengine yametiwa mabakuli ya kichina kwenye ukuta. Pale Gede lipo kaburi lina tarehe ya mwaka 802 hijria ambayo ni 1399, miaka mia sita iliyopita. Hao wote walikuwa hawajui Minhaji?

Bin Kombo
Shariff hilo la kuba linajibika. Mtume SAW hakujengewa nyumba juu ya kaburi, alizikwa ndani ya nyumba ambayo ilikuwepo, chumba cha bibi Aisha, kwa sababu manabii huzikwa pale wanapofia. Msikiti ulikuja kupanuliwa wakati wa khalifa al-Walid bin Abdulmalik, gavana wa Madina akiwa Umar bin Abdulaziz, ndipo vyumba vikaingia ndani ya msikiti. Kuba la kwanza limejengwa 1279 enzi za sultani Qalawun wa Misri, na rangi ya kijani imekuja 1837 chini ya waturuki. Yaani zaidi ya miaka mia sita maswahaba, matabiina waliowafuata, Imam Shafii, Imam Malik wote wameishi na kufa hakuna kuba. Kwa hiyo kuba sio hoja ya fiqhi ni hoja ya historia ya masultani.

Na kaburi lenyewe lilikuwaje? Bukhari kapokea kutoka kwa Sufyan at-Tammar kwamba aliliona limeinuka kama nundu ya ngamia. Ndo maana maimamu wa madhehebu mengine matatu wanapenda nundu, sisi mashafii tunapenda bapa, na wote wanakubaliana lisizidi takriban shibiri moja kutoka ardhini, lijulikane ni kaburi lisikanyagwe.

sharifu_wa_mtaa_wa_pili
Sawa Bin Kombo nimekuelewa kwenye kuba. Hukunijibu makaburi ya nguzo.

Maalim Mkwakwani
Shariff ntakujibu mimi na bila jiwe hata moja. Yale ni kweli yapo na ni fahari ya historia yetu, yanaonyesha uislamu ulikuwa na mizizi hapa kabla mreno hajafika. Lakini kuwepo kwa kitu sio dalili ya kufaa kwake, hata wafalme wa zamani wa pwani walikuwa wafalme, walijenga walivyotaka na wengi wao walizikwa kwenye viwanja vyao au pembeni ya misikiti yao. Ndio maana nimetenganisha kule juu ardhi ya mtu na ardhi ya watu. Mimi sisemi mtu achukue nyundo aende Kunduchi, yale sasa yanalindwa kama mambo ya kale na hakuna anayezika tena pale.

Kinachonipa shida sio nguzo, ni kinachofanyika chini ya nguzo. Kaole kuna kaburi linaloitwa la Sharifa, mpaka leo watu wanaweka nadhiri pale na wanamuomba aliyelala awape mtoto au awarudishie mume. Kumuombea maiti ndio sunna, kumuomba maiti ni mlango mwingine kabisa. Siku za mwisho za uhai wake Mtume SAW alikuwa anaonya juu ya waliogeuza makaburi ya manabii wao kuwa mahala pa ibada, mtu anaumwa maumivu ya mauti na bado analisema hilo, ujue lilimkereketa.

sharifu_wa_mtaa_wa_pili
Kumuomba maiti hata sisi hatukubali maalim. Ila kuna tofauti, watu wa Shela kule Lamu wanavuka kwenda Takwa kisiwani Manda kwenye lile kaburi la nguzo kuomba mvua, wanamuomba Allah, sio nguzo. Na Maulidi ya Lamu watu wanazuru kaburi la Habib Swaleh aliyeasisi msikiti wa Riyadha, wanasoma fatiha wanaomba dua wanaondoka. Sasa ukichanganya na yule anayefunga kitambaa chekundu kwenye mbuyu unatuonea.

kijana_wa_sunna
Hiyo yote ni bidaa tu, uzushi kwenye dini, Sheikh Abdallah Farsy alishapiga kelele miaka hiyo alivyokuwa kadhi mkuu Kenya mkamuita majina. Na hadithi iko wazi haifungwi safari ila kwa misikiti mitatu. Shirki tupu.

Maalim Mkwakwani
Kijana taratibu. Kumwambia muislamu mwenzio shirki tupu wakati anakwambia namuomba Allah ni neno zito, litarudi kwa mmoja wenu. Sheikh Farsy alikemea bidaa kwa kalamu na kwa elimu, sio kwa kupita na kurusha neno kama wewe. Hadithi ya misikiti mitatu ni sahihi iko kwa Bukhari na Muslim, lakini wanavyuoni wametofautiana inakataza nini. Ibn Taymiya kaichukulia kwamba kusafiri kwa lengo la kuzuru kaburi haifai, na mashafii wengi akiwemo Nawawi wamesema makusudio ni kwamba hakuna msikiti mwingine unaostahiki kufungiwa safari kwa ajili ya fadhila ya kuswali humo, haihusu ziara. Hii khilafu, yaani tofauti ya wanavyuoni, ina miaka mia saba, haitaisha kwenye uzi wa mtu aliyefiwa. Turudi kwa mwenye uzi, ana mama kwenye eda.

Binti Mwinyi
Ahsante maalim, nilikuwa nasubiri mfike kwa wanawake maana naona wanaume mmeshika kuba na nguzo kurasa mbili nzima.

Mimi nimesomeshwa chuoni na bibi yangu mzaa mama na nimeendelea kusoma, naomba niliseme hili. Hadithi ya laana ipo, kwa Tirmidhi kutoka kwa Abu Huraira, lakini tamko ni zawwaraat, yaani wanaozuru mara kwa mara, wanaokithirisha. Na Tirmidhi mwenyewe palepale akasema wapo wanavyuoni wanaoona hilo lilikuwa kabla Mtume SAW hajaruhusu ziara, aliporuhusu wakaingia wanaume na wanawake. Maana ile hadithi ya Buraida kwa Muslim inasema nilikuwa nimekukatazeni kuzuru makaburi, sasa yazuruni. Na bibi Aisha alizuru kaburi la ndugu yake Abdurrahman, akaulizwa Mtume si alikataza? akajibu ndio alikataza, kisha akaamrisha. Na bibi Aisha huyohuyo ndo alimuuliza Mtume nisemeje nikiyazuru, akafundishwa maneno, hakuambiwa wewe usiende. Hiyo nayo kwa Muslim. Tena kuna mwanamke alikutwa analia kaburini, Mtume SAW akamwambia mche Allah na usubiri, hakumwambia ondoka hapa.

Kwa mashafii kauli inayotegemewa ni makruhu kwa mwanamke, sababu wanayoitaja ni wepesi wa kulia na kukosa subira, na mahanafi, wafuasi wa Imam Abu Hanifa, wanaruhusu. Makruhu sio laana jamani. Kinachoharamishwa kwa nguvu ni kuomboleza kwa kelele, kujipiga, kuchana nguo. Machozi hayana neno, Mtume SAW alipozuru kaburi la mama yake alilia mpaka akawaliza waliokuwa nae.

Kusindikiza jeneza ni kitu kingine. Ummu Atiyya kasema tulikatazwa kufuata jeneza lakini hatukukazaniwa, ndo maana desturi yetu pwani wanawake tunabaki nyumbani siku ya maziko. Kwa hiyo dada zako wakitaka kwenda siku tulivu, wamejistiri, na kaka yao au mtoto, waende watoe salamu waombe warudi. Wasiende kila ijumaa na kapu la chakula kama pikiniki.

MtuWaChumbageni
Dada Binti Mwinyi umenitoa jasho la furaha. Na mama je?

Binti Mwinyi
Mama hapana kwa sasa, na hapa naomba muwe wapole mnapomwambia. Eda ya kufiwa ni miezi minne na siku kumi, iko kwenye Quran suratul Baqara, na wala haihusiani na arobaini, arobaini ni hesabu ya watu. Furaia bint Malik mumewe aliuliwa, akamuomba Mtume SAW ruhusa arudi kwa ndugu zake, akaambiwa kaa nyumbani kwako mpaka muda ulioandikwa utimie. Mafaqihi wakasema mjane anatoka mchana kwa haja, hospitali, kwenda kununua kitu kama hana wa kumtuma, kushughulikia haki zake kama pensheni ya marehemu. Kuzuru kaburi hawakuhesabu haja.

Mwambieni mama dua yake inafika kutoka chumbani kwake vilevile, kaburi sio antena. Mzee haitaji mama asimame juu yake ndo asikilizwe na Allah. Eda ikiisha aende akitaka. Na mtu wa kukaa nae awepo, wajane wengi wanachotaka sio kaburi, nyumba imekuwa kubwa ghafla.

jogoo_la_shamba
Kaburi sio antena. Hii naiba.

FundiKaburi_Tmk
Nina swali na mimi jamani. Huku kwetu mchanga ukichimba mwanandani, lile shimo la ubavuni mwa kaburi, unaporomoka, tunachimba shimo la kati tunafunika na mbao au vibamba vya zege. Alikuja mzee mmoja akatufokea kwamba tunazika kama wasio waislamu. Tulinyamaza maana kulikuwa na wafiwa.

Maalim Mkwakwani
Alikosea kufoka. Mwanandani ndio bora pale ardhi ni ngumu, Mtume SAW mwenyewe kafanyiwa. Ardhi ikiwa laini shimo la kati ndilo bora, Nawawi kataja. Na alipofariki Mtume pale Madina palikuwa na wachimbaji wawili, mmoja anachimba mwanandani mwingine la kati, maswahaba wakatuma kwa wote wawili wakasema atakaetangulia kufika ndie atachimba. Lingekuwa haramu wasingeliachia bahati namna hiyo. Kina cha kaburi kwa ukamilifu ni mtu asimame anyooshe mkono juu, na uchache ni kuzuia harufu isitoke na mnyama asifukue.

mama_wa_watatu
Na kuandika jina? Mimi sipendi vigae lakini mume wangu nilipoteza kaburi lake kabisa, tulipeleka alama ya mti ikaliwa na mchwa, makaburi yameongezeka sasa sijui ni lipi.

Bin Kombo
Pole dada. Katika Abu Daud, alipozikwa Uthman bin Madh'un, Mtume SAW alimuagiza mtu alete jiwe, likamshinda, Mtume akakunja mikono ya nguo akalibeba mwenyewe akaliweka upande wa kichwa, akasema nalitambulisha kwalo kaburi la ndugu yangu na nitamzika karibu yake atakaekufa katika watu wangu. Kwa hiyo alama ni sunna. Jina, mafaqihi wengine wa kishafii waliokuja baadae wamesema likiandikwa kwa kiasi cha kutambulika tu na kuna haja, halina karaha. Kibao kidogo cha jina na tarehe. Ila aya za Quran hapana, ndege wanakaa juu yake, mvua inaimwagia tope, ikivunjika inakanyagwa, hiyo sio heshima kwa neno la Allah hata kidogo. Kwa sasa wewe fika, toa salamu kwa wote, muombee wa kwako, Allah anajua yuko wapi.

MtuWaChumbageni
Hiyo salamu naomba iandikwe hapa ili niikopi.

Binti Mwinyi
Assalaamu aleykum ahlad-diyaari minal muuminiina wal muslimiin, wa inna in shaa Allahu bikum lalaahiquun, as'alullaha lanaa wa lakumul aafiya. Maana yake amani iwe juu yenu watu wa majumba haya katika waumini na waislamu, nasi Allah akitaka tutaungana nanyi, namuomba Allah atupe sisi na nyinyi afya. Unasema ukifika. Usikae juu ya kaburi wala usilipandie kutafuta njia ya mkato, hadithi ya Muslim inasema mtu kukalia kaa la moto likachoma nguo likafika kwenye ngozi ni bora kwake kuliko kukalia kaburi.

mdau_wa_Kondoa
Na Yasini? Sisi tunasoma Yasini kaburini kila tukienda na tunamwagia maji na kupanda mrehani. Kuna vijana wanatuambia tunapoteza muda.

Maalim Mkwakwani
Maji yametajwa na mashafii kuwa ni sunna baada ya kuzika, udongo ushikane. Mrehani na kuti bichi msingi wake ni hadithi ya makaburi mawili, Mtume SAW alipita akasema wanaadhibiwa, mmoja alikuwa hajikingi na mkojo na mwingine anapeleka fitina, akapasua kuti bichi akachomeka kila moja, huenda wakapunguziwa maadam halijakauka. Wapo waliosema hilo ni lake peke yake kwa kuwa yeye alifunuliwa hali yao, na wapo walioliendeleza, na swahaba Buraida aliusia awekewe makuti mawili kaburini, kataja Bukhari. Buraida huyohuyo wa hadithi ya yazuruni. Kwa hiyo anaepanda usimzomee, na asiepanda usimwambie kamsahau baba yake.

Yasini, hadithi ya kuwasomea wafu sanadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi, ina udhaifu na hata walioikubali wengi wanasema ni kwa anaekata roho. Kusoma Quran kaburini na kumfikia maiti thawabu ni khilafu ya zamani, kauli mashuhuri ya Imam Shafii ni kwamba haifiki, na wafuasi wake wengi wa baadae wakasema msomaji akimaliza aombe Allah afikishe, kwa sababu dua haina khilafu. Lisilo na ubishi ni dua, sadaka, na kumlipia madeni yake. Madeni kwanza! Watu wanajadili mrehani na muuza duka la mangi bado anadai.

MtuWaChumbageni
Maalim hilo la madeni ngoja niliulize nyumbani leo leo. Kuhusu kaka, nimempelekea ile ya ardhi sio yenu. Amenyamaza, ameona tiki mbili za bluu. Alafu katuma voisi ndefu, anasema basi hela aitoe wapi imsaidie mzee.

Bin Kombo
Saad bin Ubada alifiwa na mama yake akamuuliza Mtume SAW sadaka gani bora, akajibiwa maji, akachimba kisima. Tanga mitaa yenye shida ya maji mnaijua wenyewe.

FundiKaburi_Tmk
Au anunue majembe na mbao za msikiti. Nasema tu.

Neema_Mbeya
Habarini, mimi nimesilimu nilipoolewa. Mama yangu alifariki akiwa Mkristo amezikwa kijijini Tukuyu kwenye shamba la familia. Mashemeji wananiambia nisikanyage pale. Nimesoma uzi wote nikapata moyo wa kuuliza.

Binti Mwinyi
Karibu dada Neema. Nenda kaone kaburi la mama yako. Mtume SAW amesema, na iko kwa Muslim, nilimuomba Mola wangu ruhusa nimuombee mama yangu msamaha hakunipa, nikamuomba ruhusa ya kuzuru kaburi lake akanipa. Ndio ile ziara niliyosema alilia. Wanavyuoni wana maneno marefu kuhusu wazazi wa Mtume na siyaingilii hapa, ila kwenye ziara ushahidi upo mkononi mwako. Usiombe maghfira wala usitoe ile salamu ya waislamu, simama, kumbuka wema wake, safisha majani, msalimie baba na ndugu zako, na wakipika kula nao kilicho halali. Mashemeji waambie waisome wenyewe hadithi.

Neema_Mbeya
Asante sana dada. Sana.

mzee_wa_Ngamiani
Mimi ni mzee, nina kaburi la marehemu mke wangu nimelijengea mwenyewe tangu zamani kwenye makaburi ya umma, vigae na ukuta mdogo, sikujua haya. Nawawi kasema libomolewe, je nichukue sururu?

Maalim Mkwakwani
Mzee wangu shikamoo. Hapana, usichukue sururu peke yako, ukionekana unabomoa kaburi watu watakudhania mengine na itakuwa fitina juu ya fitina. Nenda kwa wanaosimamia makaburi au imamu wa msikiti unaohusika na pale, mwambie nia yako, mwende pamoja asubuhi watu wakiwa wachache, mtoe ukuta na vigae taratibu bila kugusa chini, mbakishe udongo na jiwe la kichwani. Kama wakisema iachwe kwa sasa kwa maslaha wanayoyaona, umeshatoka kwenye dhima insha'Allah.

FundiKaburi_Tmk
Mzee kama ungekuwa Dar tungekuja vijana watatu bure. Kwa Tanga MtuWaChumbageni upo hapo, mchek inboksi.

MtuWaChumbageni
Mzee shikamoo, nimeshakutumia namba. Jumamosi baada ya alfajiri inakufaa?

mzee_wa_Ngamiani
Marahaba mwanangu. Jumamosi nina kliniki ya presha, tufanye jumapili.